Amplifaya ya mtumba: soma nyuma kabla ya kuuliza bei

Ndugu yangu wa Mikindani, nimekuelewa: una shilingi 200,000 na spika mbili za ohm 8, na umeonyeshwa amplifaya ya zamani ya Sansui iliyotoka Japani.

Geuza mashine usome nyuma. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 230. Ikiwa imeandikwa 100V tu, ukiichomeka ukutani itaungua. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei yake itoke kwenye hela hiyohiyo. Mimi ningetafuta yenye swichi ya kuchagua volti, hata kama imechakaa kwa nje.

Iwashwe mbele yako, kwa spika ya bei ndogo, si zako. Ukizungusha sauti ikakwaruza, usiogope sana: hewa yetu ya chumvi huleta kutu, na mara nyingi husafishika. Ila ikinguruma hata sauti ikiwa chini kabisa, shuku kapasita (vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme) zilizochoka, udai punguzo. Upande mmoja ukiwa kimya kabisa, achana nayo.

Tafadhali usiifungue mwenyewe. Kapasita hubaki na umeme hata waya ukichomolewa. Fundi redio apime kama kuna umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa betri) kwenye matundu ya spika, maana huo huunguza koili ya spika.