Nihame chuo au nihame Mbagala?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Ninasoma mwaka wa kwanza wa shahada ya uhasibu katika chuo kimoja kilichopo katikati ya jiji la Dar es Salaam, nami ninaishi kwa mjomba wangu, Mbagala Rangi Tatu. Kwenda na kurudi hunichukua saa 3 kila siku, na muhula uliopita nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo moja. Rafiki yangu anayesoma Morogoro ananishawishi nihamie chuoni kwao mwakani, kwa kuwa wao hutoka hosteli hadi darasani kwa miguu. Ninasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Je, nihame?
Binti wa Rangi Tatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta lawama dhidi ya chuo chenyewe, nisiione. Hukulalamikia walimu wala kozi, umelalamikia barabara. Silidharau hilo, maana anayegombea daladala saa kumi na moja alfajiri hufika darasani akiwa amekwisha kuchoka. Kwa siku 5 za juma na majuma 15 ya muhula, ni saa 225. Kwa mihula 2, saa 450.

Sasa tazama upande wa pili. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, shahada ya miaka 3 huhitaji krediti 360, yaani takribani 120 kwa mwaka, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Chuo kinachokupokea ndicho kinachoamua kitambue kozi zipi. Tuseme kimetambua krediti 72 tu: 48 zilizobaki utazisoma upya, nazo ni saa 480, zaidi ya zile unazozikimbia barabarani, tena za kulipiwa ada. Na somo lenye sapu halitavuka nawe kabla hujalifaulu.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu yoyote, weka mezani muhtasari wa kozi zako na wa zile za Morogoro, uzilinganishe mada kwa mada, kwani kozi mbili zaweza kuwa na jina moja huku krediti zake zikitofautiana. Kisha iombe ofisi ya udahili jibu la maandishi. Neno la rafiki halimfungi msajili. Mkopo nao haukufuati wenyewe: uhamisho usipokamilika katika kumbukumbu za Bodi, bumu, yaani fedha ya kujikimu, laweza kuchelewa nawe ukala kwa kukopa.

Maoni yangu ni kwamba usihame kwa sasa. Maliza sapu, kisha umwombe mjomba, kwa adabu, akuruhusu kupanga chumba na mwenzako Keko au Kurasini, karibu na katikati ya jiji. Bumu ni la chakula na malazi, wala si dhambi kulitumia kwa malazi. Lakini jibu la maandishi likija limetambua krediti 100 au zaidi, hesabu itageuka, na hapo sitakuzuia kwenda kukata tiketi ya basi la Morogoro pale stendi ya Mbezi.