Kinachokaa na Kinachokaliwa: Kukitafsiri Kitenzi "Reseat"

Ninyi mnaoingia sasa katika kazi ya kutafsiri mtakutana mapema na kitenzi cha Kiingereza "reseat", na jibu la kwanza litakalowajia ni "ketisha tena". Msiliandike kabla hamjajiuliza jambo moja: je, kilichoshughulikiwa ni kile kinachokaa, au ni kile kinachokaliwa?

Kwa watu kazi ni nyepesi. Wageni waliosimama kisha wakarudishwa vitini wameketishwa tena. Waliopelekwa meza nyingine wamehamishiwa viti vingine.

Ugumu uko kwenye vipuri. Niliwahi kutafsiri mwongozo wa kompyuta iliyokataa kuwaka, na mahali palipotakiwa kadi ya kumbukumbu (RAM) ichomolewe na kurudishwa, nikaandika "badilisha kadi". Fundi aliyeusoma akaagiza kadi mpya, ilhali ile ya zamani ilikuwa nzima, ila haikuwa imeshika vizuri kwenye tundu lake. Kosa hilo liliniuma, kwa sababu mtu aligharimika kwa neno langu. Tangu siku hiyo huandika kitendo chote: zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua vibanio, itoe kadi, kisha irudishe ukilinganisha pengo lake na kizuizi kilichomo tunduni, na uikandamize hadi vibanio vijifunge. Maelezo hayo ni marefu kuliko neno moja la Kiingereza, lakini msomaji aliyeshika kadi mkononi anayahitaji.

Nafasi ikiwa finyu, tumieni "kalisha vizuri". Kiswahili chenyewe husema kifuniko hakijakaa sawasawa, au nguo imemkaa mtu vizuri, kwa hiyo kukalisha kipuri kunaeleweka bila shida. "Ketisha" halifai hapo, kwa kuwa kuketi ni kwa watu.

Upande wa kinachokaliwa, kitenzi hicho hicho hugeuka kuwa ukarabati. Koki inaweza kuendelea kudondosha maji hata baada ya kutiwa wosha mpya, yaani kipete cha mpira kinachoziba maji, kwa sababu sehemu ambayo wosha hukalia imelika. Tiba yake ni kuisawazisha sehemu hiyo kwa kifaa cha kusagia. Katika injini, vali (kilango kinachofungua na kufunga njia ya hewa) isiyoziba huvujisha mgandamizo, na fundi huisaga pamoja na kikalio chake, yaani sehemu ambayo vali hukalia, hadi nyuso mbili zilingane. Mkiandika "rudisha vali mahali pake", mmemnyima fundi nusu ya kazi, maana vali inaweza kurudi mahali pake na bado ikavuja.

Kwa kitenzi hicho hicho, suruali iliyochakaa makalioni hutiwa kitambaa kipya, na ukumbi huwekewa viti vipya. Kiti cha kusuka kilichotoboka huwambwa upya. Neno "wamba" wengi wenu mnalijua kwa ngoma na vitanda vya kamba tu, nami nafurahi kila ninapopata nafasi ya kuliandika.