Je, zuhudi ni kuacha biashara? Jibu kwa muuza dagaa wa Mwaloni

SWALI: Assalaam alaykum shekhe wetu. Mimi ni mama mfanyabiashara wa dagaa hapa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Ijumaa moja khatibu alitaja kwa mpigo saumu, zuhudi, waraa na iffa, akasema Muislamu ajipambe nazo. Tangu siku hiyo mume wangu anafunga kila siku, anashinda msikitini, duka lake la nyavu halifunguliwi, na ananishauri niuze mizani na chanja zangu za kuanikia dagaa kwa kuwa mwenye zuhudi hakimbizani na pesa. Hivi maneno haya yote si ni kujizuia tu? Na mimi yananihusu vipi? La pembeni: Ramadhani iliyopita nilikunywa maji wakati kalenda inaonyesha imsaki, yaani muda wa kuacha kula daku, imeshapita, ila adhana ilikuwa bado. Je, nadaiwa siku hiyo?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Yote ni kujizuia, kweli. Lakini kila moja linamzuia mtu na kitu chake, na nyumbani kwako yamechanganywa.

Saumu kwa Waarabu ilikuwa kujizuia na jambo lolote, hata maneno. Bibi Maryam aliamrishwa awaambie watu kuwa ameweka nadhiri ya saumu kwa Mwingi wa Rehema, basi leo hasemi na mtu (Surat Maryam, aya ya 26). Sheria yetu ikaiwekea mipaka: kuacha kula, kunywa, kujamiiana na vinginevyo vinavyofunguza, kwa nia, tangu alfajiri ya kweli hadi jua kuzama. Mipaka hiyo ina mwisho, na mwisho wenyewe ni ibada, ndiyo maana tumesuniwa kuharakisha kufuturu. Mume wako ameushika mwanzo wa saumu, mwisho wake ameusahau. Mtume (s.a.w.) amesema hana saumu mwenye kufunga milele, na Abdullah bin Amr alipong'ang'ania kuzidisha, alimpa kikomo cha saumu ya Nabii Daudi: siku moja kufunga, siku moja kula.

Kuna kisa katika Sahihi Bukhari ningependa ukisome pamoja naye, wala usikisome kwa kumsuta. Mtume aliwaunganisha Salman na Abu Dardai kuwa ndugu. Salman akamtembelea ndugu yake, akamkuta mkewe, Ummu Dardai, amevaa hovyo, hana hata hamu ya kujipamba. Akamuuliza kulikoni. Akajibiwa kuwa ndugu yako huyu hana haja na dunia. Abu Dardai akaja, akamwandalia mgeni chakula, akasema, "Kula, mimi nimefunga." Salman akasema hali mpaka na yeye ale. Akala. Usiku Abu Dardai akataka kusimama kuswali, Salman akamwambia lala. Akataka tena, akamwambia lala. Mwisho wa usiku ndipo akamwamsha, wakaswali wote wawili, kisha akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahali zako wana haki juu yako, mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume alisema, "Amesema kweli Salman."

Basi duka lililofungwa huku watoto wanadai ada na unga ni haki ya ahali iliyozuiwa. Matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume, na saumu anayofunga nje ya Ramadhani ni sunna. Sunna haiangushi wajibu.

Tuje kwenye zuhudi, maana hapo ndipo palipoharibika. Mzizi wa neno hili umekuja mara moja tu katika Qur'ani nzima, na wala si kwa kusifu: Surat Yusuf, aya ya 20, waliomuuza Yusuf kwa thamani duni, dirhamu za kuhesabika, wakawa kwake ni "zahidina", yaani hawakumtaka, hawakumwona ni kitu. Kumbe asili yake ni moyo kukidharau kitu. Yusuf alikuwa mikononi mwao na mioyo yao haikumtaka. Wenye zuhudi nao dunia inaweza kuwa mikononi mwao, tele, na moyo usiikumbatie. Imepokewa kwa mwanachuoni wa kale Sufyan al-Thawri kuwa zuhudi ni kufupisha matumaini ya dunia, si kula chakula kigumu wala kuvaa joho zito. Sahaba Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina, nduguye Ansari, mwenyeji wa mji huo, alitaka kumpa nusu ya mali yake; yeye akamwombea baraka, akasema, "Nionyesheni soko." Huyo ni katika kumi waliobashiriwa Pepo. Usiuze mizani, mama.

Kipimo cha zuhudi kwa mtu wa Mwaloni ni mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, karabai za kuvutia dagaa hazina kazi, mitumbwi inalala, mzunguko wa fedha unakauka. Siku hizo usilaani. Giza likirudi na ndoo zikajaa, usijisahau. Hiyo ndiyo maana ya aya ya 23 ya Surat al-Hadid: msihuzunike kwa kilichowapita, wala msifurahie kwa kiburi alichowapeni.

Waraa ndiyo inayokuhusu zaidi, na naona haikuulizwa sana. Ni kuacha lenye utata kwa kuogopa kuangukia haramu. Mtume amesema halali iko wazi na haramu iko wazi, na kati yake kuna yenye kutatiza. Chukua mfano wa mzigo unaouzwa majini usiku, kabla mtumbwi haujagusa mwalo, yaani ufukwe wa kushushia samaki. Ukijua wavuvi wanamficha tajiri wao mwenye mtumbwi, hapo hakuna waraa tena, ni mali ya wizi na kununua ni haramu. Ukiwa na shaka tu, kwa sababu bei ni ya kutupa na muuzaji ana haraka, hapo ndipo waraa inakwambia pita. Sangara wa chini ya sentimita 50 nao wasiitwe utata: sheria ya nchi imekataza kwa maslahi ya wote, nawe uitii.

Na gunia lenye dagaa wakavu juu na wabichi katikati? Usinitafutie jina la Kiarabu la upole. Mtume alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono, vidole vikatoka na majimaji. Mwenye mali akasema imenyeshewa mvua. Akamwambia, mbona hukuiweka juu watu waione? Mwenye kughushi si katika mimi. Mchanga unaoachwa kwa makusudi ili uzito upande una hukumu hiyohiyo.

Iffa ni kujizuia na tamaa na kuombaomba. Aya ya 273 ya al-Baqara inawataja mafukara ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa jinsi wanavyojistahi. Katika an-Nisaa, aya ya 6, msimamizi wa mali ya yatima aliye na uwezo ameambiwa ajizuie kuila. Kama unashikilia fedha ya kikoba cha wenzako, neno lako ni hili.

Ama imsaki ya kalenda: dakika hizo kabla ya adhana ni tahadhari iliyowekwa na watu wa ratiba. Mwenyezi Mungu ameruhusu kula na kunywa mpaka ibainike alfajiri (al-Baqara, 187), na Mtume alisema Bilali huadhini usiku, basi kuleni na kunyweni mpaka aadhini Ibn Ummi Maktum, mwadhini wa alfajiri. Kama ulikunywa na alfajiri haijaingia, saumu yako ni sahihi, hulipi siku wala kafara. Wallahu aalam.