Jibu: Yoti ya mtumba, bajeti ndogo

Mkuu, unauliza kama milioni 30 zinatosha yoti (mashua ya matanga) iliyotumika ya kulala watu watatu, uiweke Tanga wakati wewe uko Dodoma. Inategemea, ila usizimalize zote kwenye kununua. Bakiza walau theluthi ya matengenezo.

Wauzaji hupenda kukuonyesha rangi na injini. Wewe anza na sitaha. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, gonga taratibu kuzunguka mlingoti na kila palipofungwa chuma. Mlio mkavu, sawa. Ukisikia mlio mzito, kama unagonga papai lililooza, huenda maji yameshaingia ndani ya faiba na mbao ya katikati inaoza. Hiyo achana nayo, hata akipunguza bei nusu.

Nyaya zinazoshika mlingoti hubadilishwa kila baada ya miaka 10 hadi 15 hivi, hata kama bado zinang'aa. Pitisha kitambaa, uzi uliokatika utakinasa. Boliti za mkuku (uti wa chini kabisa wa chombo) zikiwa na kutu, chombo kitolewe majini fundi akikague kabla hujalipa.

Matanga yaliyochanika kidogo yasikutishe, yanashonwa. Na bwawa la Mtera, huko upande wa Dodoma, sahau kwa chombo chenye mkuku mrefu, maji yakishuka utakwama.