Viinitete vitatu: viwekwe vyote kwa pamoja?

SUALI: Assalamu alaykum, sheikh. Nina miaka 31, naishi Wete. Baada ya miaka saba ya ndoa bila ya mtoto tumekwenda kutibiwa Dar es Salaam. Mbegu zetu wenyewe zimeunganishwa maabara, vimepatikana viinitete vitatu. Daktari anataka aweke kimoja. Mavyaa anasema viwekwe vyote, maana fedha za karafuu zimekwisha. Tushike lipi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, Allah akuruzukuni dhuria njema.

Matibabu yenyewe yanajuzu maadamu mbegu ni za mume na mke walio katika ndoa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipitisha hivyo mwaka 1986. Idadi haikutajwa katika aya wala hadithi. Tunarudi kwa neno la Mtume (S.A.W.): "Hakuna kudhuru wala kudhuriana." Na madhara ya mwili anayeyajua ni daktari.

Mimba ya watatu kwa kawaida huzaliwa kwenye wiki ya 32 hivi. Ni watoto njiti, na mama huwa karibu zaidi na kifafa cha mimba na kuvuja damu. Fikiria yakukute usiku, bahari iko baina yako na hospitali iliyokutibu.

Linalonitisha zaidi ni hili. Vikishika vyote, unaweza kuambiwa mmoja atolewe ili wenziwe wapone. Utachagua nani? Kiinitete kilicho nje ya kizazi wanazuoni wengi hawakukipa heshima ya mimba iliyokwishashika, kwa hiyo kukiacha sasa ni kwepesi kuliko kuitoa mimba baadaye. Amueni sasa. Rai yangu: kimoja, kama alivyosema daktari. Allah akitaka mapacha, hicho kimoja hugawanyika.

Viwili vitakavyobaki? Mwaka 1990 Baraza lilisema yarutubishwe mayai kiasi kinachohitajika tu, na kiinitete kikizidi kiachwe bila ya kuhudumiwa mpaka kiishe chenyewe. Wengine wameruhusu kugandishwa kwa ajili ya wanandoa hao hao, nami naegemea huko, kwa sharti muandikishiane na hospitali: asipewe mwengine yeyote, hata mke mwenza, na visitumike baada ya talaka au kifo.

Mavyaa wako ana uchungu wa mjukuu, msimkasirikie. Mumeo ndiye wa kumueleza mamake, lisikuangukie wewe. Na kabla hamjapanda boti kurudi, ulizeni gharama ya kuvihifadhi kwa mwaka.

Wallahu aalam.