Dai la dharura nje ya orodha ya CGHS

Kulazwa hospitali isiyo kwenye orodha ya CGHS (mpango wa afya wa wafanyakazi na wastaafu wa serikali kuu ya India) hakuui dai lako la kurudishiwa gharama, mradi ilikuwa dharura. Mahakama ya Juu ya India ilishalisema hilo mwaka 2018, kesi ya Shiva Kant Jha: kinachopimwa ni kama mgonjwa alitibiwa kweli na kumbukumbu zinathibitisha, jina la hospitali peke yake si sababu ya kukataa.

Ukiwa bado kazini, peleka dai idarani kwako. Mstaafu hupeleka kituo chake cha CGHS. Usivuke miezi 6 tangu kuruhusiwa. Bili ziwe halisi na zenye mchanganuo, maana bili yenye mstari mmoja tu wa "dawa na vifaa" hurudishwa bila kulipwa.

Wengi huangushwa na cheti cha dharura. "Alilazwa kwa matibabu" haisemi kitu. Daktari aandike saa ya kufika, hali aliyomkuta nayo (maumivu ya kifua, presha imeshuka) na kwa nini asingeweza kuhamishwa.

Hata dai likipita, kwa kawaida wanalipa kwa viwango vya CGHS. Kilichozidi ni juu yako. Likikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Jibu la mdomo huwezi kulikatia rufaa.