Gari la Kale kwa Robo Tatu: Anza na Kiti, Bodi Baadaye

Msomaji ameuliza kama mtu anaweza kujitengenezea Bugatti Type 35, gari la mbio la Kifaransa, kwa umbo dogo linalobeba mtu mzima. Inawezekana. Bugatti Baby II, iliyooneshwa Geneva mwaka 2019, ni Type 35 ya 1924 iliyopunguzwa hadi asilimia 75 na kuwekewa mota ya umeme. Ila mafundi wengi hukimbilia bodi kwanza, na hapo ndipo kazi inapoharibika.

Type 35 ina mita 2.40 kati ya ekseli mbili, na mita 1.20 kati ya tairi la kushoto na la kulia. Kwa robo tatu unapata 1.80 na 0.90. Dereva yeye hapungui! Kwenye gari halisi la kilo 750 hivi, mtu wa kilo 90 ni kama sehemu moja kati ya tisa ya uzito wote. Kwenye gari dogo la kilo 230 anakuwa zaidi ya robo, tena kifua chote kiko juu ya bodi. Kona moja ya ghafla inatosha kulipindua.

Kwa hiyo tengeneza kwanza fremu ya mbao, mkalishe dereva, pima goti, kiwiko na nyayo. Shusha kiti hadi kikae katikati ya bomba za chesisi. Betri zilale sakafuni. Kuzisimamisha chini ya boneti kwa sababu pana nafasi ni kosa. Uaminifu kwa gari la asili uweke pale jicho linapotua: rejeta yenye umbo la kiatu cha farasi, na rimu za alumini zenye spoku nane bapa. Rimu za spoku nyembamba za waya zinaua sura yote.

Tairi la milimita 530 kwa kilomita 45 kwa saa huzunguka mara 450 hivi kwa dakika. Mota ya mizunguko 3,000 kwa dakika inataka uwiano wa gia wa karibu 6.7 kwa 1, yaani mota izunguke mara 6.7 tairi likizunguka mara moja. Ukiweka 4 kwa 1, kilima kidogo tu mota inachemka.

Mota ya kilowati 4 kwa volti 48 hula zaidi ya ampea 80. Tumia waya wa milimita za mraba 25, na fyuzi ya ampea 150 ya umeme wa betri, karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Vichwa vya waya vibanwe kwa mashine. Vikigongwa kwa nyundo hulegea, hupata moto na kuyeyusha plastiki. Kabla ya kuwasha swichi kuu, pitisha umeme sekunde chache kwenye rezista ya omu 100, la sivyo kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti mota, itaungua mapema.